Wapiga muziki wa wikendi, mchana mnafanya nini?

Besi la Temeke: Wakuu habari zenu, mi napiga besi kwenye bendi ya mtaani, harusi na kipaimara, ila Jumatatu mpaka Ijumaa niko duka la spea za pikipiki. Sasa wife analalamika wikendi hanioni kabisa na mtoto ana miaka 2, juzi kanililia kama mgeni. Nyie mnabalansi vipi? Na mna hobi gani nje ya muziki?

Fundi Kinanda: Pole mkuu. Mi fundi cherehani, kinanda napiga kanisani tu. Mazoezi ya kwaya naenda na binti yangu, anashika kayamba, mama yake anapumzika. Hobi kuku wa kienyeji, ninao 14, jogoo anawika sauti yake mwenyewe, haiingii kwenye noti yoyote ya kinanda 😂

Mzee wa Rumba: Vijana mnateseka aisee. Enzi zetu bendi nyingi zilikuwa za mashirika, NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, kulikuwa na Polisi Jazz, mtu anapiga gitaa na mshahara upo. Ila Zanzibar kundi la taarab la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905 na lilianza kama klabu ya watu wanaojipigia kwa mapenzi tu, kwa hiyo hamjaanza nyie. Jumapili moja kwa mwezi usichukue shoo, basi.

Besi la Temeke: Shikamoo mzee, hiyo ya Jumapili naijaribu. Kuku hapana, mwenye nyumba mkali