Naomba ushauri: dada yangu anakula vyakula vibichi tu, aina ipi ni salama?

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie. Dada yangu ninayeishi naye hapa Dar ana wiki ya tatu hagusi kitu kilichopita motoni, asubuhi papai na parachichi, mchana bakuli zima la kachumbari na karanga alizoloweka usiku kucha, basi. Nimesoma nikakuta kumbe ziko aina kibao, kuna wanaokula mimea mibichi tu, kuna wa matunda tu, halafu kuna wanaoongeza maziwa mabichi, mayai na hata samaki, wengine wanaruhusu kupasha kidogo ila isizidi kama nyuzijoto 48 hivi, sasa yeye nikimuuliza yuko kundi gani hana jibu.

Matunda na mboga sina shida nayo kabisa. Kinachonitisha ni juzi nimemkuta anamenya muhogo autafune mbichi, na maharage mekundu ameyaloweka anataka kuyala hivyohivyo. Muhogo mchungu una sumu jamani, na yale maharage bila kuchemshwa yanatapisha vibaya mno! Sasa anaulizia maziwa ya mfugaji yasiyochemshwa, si atapata brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu? Na vitamini B12 ataitoa wapi, kwenye mimea haipo.

Kwa aliyewahi kula hivi miezi kadhaa, ulifuata aina ipi na ulipima damu lini? Na nimwambieje asione namsimanga, maana presha ya mama ndo imemtia hofu mpaka kafika huku.