Naomba ushauri: malengo ya ufanisi wa nishati yanalinganishwaje?

Habarini wakuu. Naandaa mada fupi na nimekwama kwenye hesabu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka matumizi ya nishati yapungue kwa asilimia 11.7 ifikapo 2030, tena ukilinganisha na makadirio ya 2030 yaliyofanywa mwaka 2020, si matumizi halisi. COP28, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Dubai, wenyewe ulitaka kasi ya kuboresha ufanisi (kufanya kazi ileile kwa nishati kidogo) duniani ipande kutoka takriban asilimia 2 kwa mwaka hadi zaidi ya 4. Nimejaribu kuyaweka malengo haya mawili kwenye jedwali moja, imegoma. Kiwanda kikifungwa matumizi yanashuka, lakini hapo ufanisi umeongezeka wapi?

Je, kuna kipimo kimoja cha kuyalinganisha, au niyatenganishe tu? Natanguliza shukrani.