Filamu kama ushahidi wa ramani: Potsdamer Platz kabla ya kujengwa upya

Mchora_Mitaa: Wakuu, habari zenu. Natayarisha ramani ya Potsdamer Platz, Berlin, ilivyokuwa kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Chanzo changu kikuu ni filamu ya Wim Wenders, Der Himmel über Berlin (1987), hasa pale mzee Homer, anayeigizwa na Curt Bois, anapoutafuta uwanja huo na kukuta magugu. Nitajuaje kamera ilisimama wapi? Halafu nina nakala mbili, na muda wa tukio lilelile haulingani. Ipi niiamini?

Fremu24: Muda usikusumbue. Filamu za sinema huenda fremu (picha mojamoja) 24 kwa sekunde, lakini DVD nyingi za Ulaya zinachezwa kwa 25, kwa hiyo saa nzima inaishia dakika 57 na sekunde 36. Shika nakala moja tu na uandike ni ipi, la sivyo kumbukumbu zako zitapishana. Epuka nakala iliyokatwa kingo ili ijaze skrini, maana mara nyingi kitambulisho cha mahali kiko pembeni kabisa.

Ukitumia VLC, programu ya kuchezea video, herufi E inasogeza fremu mojamoja, na Shift+S inahifadhi picha. Sasa tafuta vitu viwili vilivyopangana, mfano kona ya jengo la karibu inayogusana na bomba la moshi la mbali. Kwenye ramani ya miaka ile piga mstari unaopita kwenye vyote viwili, uurefushe kuelekea upande wa kamera. Fanya hivyo kwa jozi nyingine. Mistari inapokatana ndipo kamera ilipokuwa. Jozi ya tatu ni ya kuhakiki. Mstari wa tatu ukipita mbali, basi kuna jengo umelitambua vibaya. Usikisie umbali kwa ukubwa wa kitu kwenye picha, kwa sababu lenzi ndefu huvuta vya nyuma vikaonekana viko jirani.

Bi_Kumbukumbu: Nyongeza kwa Fremu24: kabla ya kupiga mistari, hakikisha kitu chenyewe kilikuwepo, na kwamba hakijahama. Kupiga filamu kwenye Ukuta halisi hakukuruhusiwa, kwa hiyo watengenezaji walijenga wao wenyewe ukuta wa bandia. Ukuta unaoonekana kwa karibu usiutumie kama alama ya kupimia.

Mtego wa pili ni hoteli ya Esplanade, ambayo mabaki yake yamo kwenye filamu. Mwaka 1996, ili kupisha ujenzi wa majengo mapya ya Sony Center, ukumbi wake wa Kaisersaal, wenye uzito wa tani 1,300 hivi, ulisukumwa mzimamzima mita 75. Ukichukua ulipo leo ukaupachika kwenye ramani ya 1987, kila kitu kitakwenda kombo. Weinhaus Huth, jengo la 1912, halikuhamishwa. Hilo ndilo nanga yako, pamoja na maktaba ya taifa iliyofunguliwa 1978.

Mchora_Mitaa: Asanteni sana. Na ile njia ya juu, juu ya nguzo, inayoonekana Homer akipita?

Bi_Kumbukumbu: Hiyo ni M-Bahn, treni ya sumaku ya majaribio, njia ya kilomita 1.6 hivi. Ilifungwa 1991 ikavunjwa, ili njia ya treni ya mjini ya U2 irudi. Nguzo zake zitakufaa sana, kwa kuwa zilipangwa kwa vipimo na michoro yake ipo.

Fremu24: Na sauti usiihesabu, nyingi huwekwa baadaye studio. Hata mkato ni hivyohivyo: mtu anatoka mlango huu, picha inayofuata yuko mtaa mwingine kabisa. Kila shoti ipe mahali pake, usiunganishe mbili kwa sababu mhariri ameziunganisha.

Mimi ningeongeza tabaka la pili la ramani, kwa ajili ya vitu ambavyo mpima ardhi hakuviandika. Ramani inaweza kuliacha eneo kama hilo jeupe. Filamu inaonyesha magugu, na kiti kikuukuu cha sebuleni kilichotupwa humo, ambacho Homer anakikalia. Eneo hilo sasa limejaa majengo, na utupu ule haupo tena. Weka alama ya kiti, andika dakika na sekunde, na nakala uliyotumia.