Amplifaya ya valvu: nibadilishe kapasita zipi kwanza?

Mkazi wa Mikindani
Shikamooni wakubwa. Marehemu baba mdogo aliniachia amplifaya ya stirio yenye valvu nne za EL84 (taa za kioo zinazokuza sauti) na rektifaya ya GZ34 (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), iliyokaa kabatini miaka mingi hatua chache tu kutoka baharini. Nilipoiwasha ilivuma, na baada ya dakika kumi hivi bamba la valvu moja ya upande wa kulia, ile sahani ya chuma ndani ya kioo, likaanza kuwa jekundu, nikazima. Nimeshauriwa ninunue kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) za bei kubwa, na zile za chujio, zinazolainisha umeme wa DC, nizipandishe kutoka mikrofaradi 50 hadi 220 ili mvumo uishe. Je, ushauri huo una maana kabla sijaagiza Dar es Salaam?

Fundi redio, Lindi
Marahaba. Ulifanya vema kuzima mapema. Wekundu huo hauponi kwa bei ya kapasita. Kapasita inayopeleka sauti kutoka valvu ya awali hadi kwenye gridi ya EL84 (waya unaodhibiti mkondo ndani ya valvu) ina kazi nyingine, nayo ni kuzuia volti za juu zisipite. Zile za zamani za karatasi hunyonya unyevu zikaanza kuvujisha, na hewa ya pwani yetu mnaijua. Gridi ikishapata volti chanya, valvu hupitisha mkondo kupita kiasi, ilhali bamba la EL84 limekadiriwa wati 12 tu.

Chomoa valvu hiyo moja, ziache nyingine, uwashe, kisha upime volti kati ya pini namba 2 ya soketi yake, ndiyo ya gridi, na chasi (fremu ya chuma). Mita ikionyesha volti, kapasita inavuja. Ikisoma sifuri, mshukiwa ni valvu yenyewe. Mkono mmoja uwe mfukoni, kwa kuwa humo ndani mna volti zaidi ya 300.

Mstaafu wa Shangani, Mtwara
Naongezea kuhusu hiyo 220. Kapasita ya kwanza baada ya GZ34 haipaswi kuzidi mikrofaradi 60, kwa sababu ikiwa kubwa mno hudai mkondo wa ghafla ambao rektifaya haiuwezi, nayo huweza kupiga cheche ndani. Ukitaka nyongeza, iweke baada ya choki (koili ya kulainisha umeme). Hata ile ya gridi usiikuze: mikrofaradi 0.1 pamoja na rizista ya kilo-omu 470 hupitisha sauti hadi karibu hezi 3, na sikio la binadamu huanzia kwenye 20. Tena, kabla ya kushika pasi ya risasi (ya kulehemu), maliza chaji ya kapasita za chujio kwa rizista, kisha uhakikishe kwa mita. Mimi niliwahi kuamini swichi peke yake, na bega liliniuma siku mbili.

Mkazi wa Mikindani
Nawashukuru wazee wangu. Pini namba 2 ilisoma volti 14 bila valvu, kwa hiyo nimebadilisha kapasita zote nne za gridi kwa za polipropilini za 0.1, volti 630, na wekundu umetoweka. Mvumo ulipungua baada ya kubadilisha za chujio lakini haukuisha, mpaka nilipofungua skrubu ya ethi kwenye chasi nikakuta kutu ya kijani chini ya washa (kile kipete cha skrubu). Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikakaza upya, na sasa spika zimetulia. Kapasita ya kwanza nimeweka ya mikrofaradi 47, volti 450.