Naomba ushauri: nanyimwa mapokezi kwa sababu ya mtandio

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, upande wa dobi. Cheti cha mapokezi ninacho, Kitaliano nakizungumza vizuri, lakini kila nafasi ikitoka huko mbele huchukuliwa mwengine, hata wale niliowaonyesha mimi kusajili wageni kwenye kompyuta. Safari hii msimamizi akanambia, tena kwa upole kabisa: "Vua huo mtandio, kesho uko kaunta." Hakuandika popote. Nimempa meneja barua kuuliza sababu, kimya. Wenzangu wasema nivumilie, msimu ukiisha watapunguza watu na nitaanziwa mimi. Hilo nalo si la kupuuza.

Nimesoma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5: yakatazwa kumbagua mtu kwa dini yake, hata katika kupandishwa cheo, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sasa, maneno ya mdomo tu, na shahidi mwenyewe mwoga, yatosha kumpelekea afisa wa kazi? Na nianzie kwake, au kwa chama cha wafanyakazi?