Mnamwagia maji mtu aliyelala halafu mnaita usafi?

Wakuu, salaam. Leo sina utulivu wa kuandika kwa adabu sana, mtanisamehe.

Nianze na hili tusije tukapotezeana muda: hakuna anayemtaka mwenye duka ageuze kibaraza chake kuwa bweni. Mlango ni wake, na saa ya kufungua ikifika ana haki ya kuukuta wazi. Ninachogombana nacho ni namna. Kumwambia mtu "amka mzee, tunafungua" hakuhitaji hata dakika. Sasa maji ya nini?

Kuna tawi moja la benki ninalopita mbele yake alfajiri nikienda kazini. Pale kibarazani hulala mzee mmoja juu ya boksi lililopasuliwa, miguu kaitia kwenye kiroba. Juzi nimemkuta mlinzi akimwaga ndoo ya maji ya sabuni na mzee bado kalala. Hakumwita, hakumgusa bega, kamwaga tu. Mzee alikurupuka, na kitu cha kwanza alichokimbilia kilikuwa mfuko wa nailoni wenye makaratasi, shuka akaliacha linaelea. Nikamuuliza mlinzi kulikoni. "Kaka, mimi natekeleza maagizo. Wamesema kabla ya kufungua pawe pasafi."

Mlinzi simlaumu sana, akikataa ataondolewa aletwe mwingine. Hasira zangu ni kwa huyo aliyekaa kwenye kiyoyozi akatoa agizo ambalo hatalitekeleza kwa mkono wake hata siku moja.

Na ule mfuko msiuchukulie poa. Ndani mna kitambulisho, kadi ya kliniki, pengine dawa za kisukari au za kifua kikuu, na namba ya ndugu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Ukiulowesha, au ukiutupa kwenye gari la taka kama wanavyofanya kwenye operesheni za kusafisha mji, umemrudisha mtu nyuma miezi. Bila kitambulisho nani atampa kazi? Halafu ni walewale watakaosimama hapo nje kuuliza kwa nini hatafuti kazi!

Watu wanajiuliza kwa nini wasio na makazi wanang'ang'ania milango ya maduka na mabenki. Jibu ni taa. Pale pana mwanga, pana kamera, pana mlinzi, kwa hiyo anayetaka kukuibia au kukupiga atajifikiria mara mbili. Kwa mwanamke ndiyo kabisa, giza kwake ni hatari ya aina nyingine. Ukimfukuza kwenye mwanga saa nane usiku hujaondoa tatizo, umelisogeza kwenye uchochoro ambako hakuna atakayesikia akipiga kelele.

Lalamiko namba moja la wafanyabiashara ni harufu ya mkojo. Haya, tuliongee. Vyoo vya umma vinafungwa usiku, na vile vya ndani vimebandikwa "kwa wateja tu". Mwili unajua hayo mabango? Mwaka 2018, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa Philadelphia wakiwa wanamsubiri mtu kwenye mgahawa wa Starbucks, kampuni ile iliruhusu yeyote akae na atumie choo hata kama hajanunua kitu. Januari 2025 ikageuka, ikarudi kwa wateja tu kwenye migahawa yake ya Amerika Kaskazini. Kwa hili siwezi kuirundikia lawama zote kampuni ya kahawa. Choo cha umma ni kazi ya mamlaka ya mji, na mji ukikaa kimya, mhudumu wa kaunta ndiye anabebeshwa mzigo ambao hakufundishwa kuubeba. Lakini basi wafanyabiashara wakadai vyoo kule mjini kwa nguvu ileile wanayodai watu waondolewe.

Tukija kwenye maeneo ya wazi ndiyo utacheka kwa uchungu. Kuna watu wamesoma vyuo wakahitimu, kazi yao ni kubuni benchi lisilolalika. London walizindua lao mwaka 2012, Camden, zege lenye miteremko pande zote. 2014, hukohuko London, vikapandwa vyuma vyenye ncha kwenye kiingilio cha jengo la makazi, vikang'olewa baada ya watu kuchachamaa. 2015 ikabainika kwamba kanisa kuu la St Mary's, San Francisco, lilikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji juu ya milango wanapolala watu. Kanisa! Nao waliiondoa baada ya kuandikwa. Na lile benchi la mteremko linamkomoa pia mama mjamzito, na babu mwenye magoti mabovu. Mmemnyima kila mtu pa kukaa ili mmoja asilale.

Sheria nazo zina lake. Zile za uzururaji Waingereza walizitunga kwao mwaka 1824, wakazisambaza makoloni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Marekani wakaelekea upande mwingine: Juni 2024 Mahakama ya Juu yao, majaji sita kwa watatu, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hakuna kitanda cha kuwapa. Faini kwa mtu asiye na chumba, sijui ataitoa wapi.

Najua kuna atakayekuja na "basi wachukue ukae nao kwako". Mkuu, hilo halijibu chochote nilichosema.

Ninachotaka ni kidogo mno. Mtu aamshwe kwa mdomo, saa ileile kila siku ili ajipange. Mizigo yake isiguswe. Akiwa haamki, ita gari la wagonjwa badala ya kumpiga teke. Akitukana wahudumu au kupigana, mtoe, kama ambavyo ungemtoa mwenye suti akifanya hayohayo, ila usimtoe kwa sababu ya nguo zake. Maktaba ya San Francisco ilimwajiri afisa ustawi wa jamii tangu 2009, akae humohumo azungumze na watu hawa. Hao wamefikiri.

Walinzi mliomo humu ndani, nawaomba mseme: haya maagizo ya kumwaga maji mnapewa kwa maandishi au kwa mdomo? Kama yapo kwenye karatasi, wekeni picha hapa, jina lako na la lindo lako ulifute kwanza.