Makumbusho gani kwa wanafunzi kutoka Tanga: Fort Jesus au Makumbusho ya Taifa Dar?

MwalimuWaPwani
Habari za humu wakuu. Klabu ya historia, shule ya hapa Tanga mjini: wanafunzi 32 wa kidato cha pili na cha tatu, walimu watatu, basi la kukodi. Tuna siku mbili, kulala usiku mmoja. Kamati imegawanyika, nusu wanataka Fort Jesus, ile ngome ya Wareno kule Mombasa, Kenya, nusu Makumbusho ya Taifa Dar. Nataka mahali ambapo mtoto akirudi atasimulia kitu alichokiona, si kusema tu "tulienda makumbusho". Mnaozijua sehemu hizi vizuri, niambieni cha kuangalia, mpangilio wa siku, na nini huharibu ziara.

Mji_wa_Kale
Karibuni Mombasa, mwalimu. Fort Jesus ina faida moja ambayo Dar haina: jengo lenyewe ndilo maonyesho. Kosa la vikundi vingi ni kuingia moja kwa moja kwenye vyumba vya kabati za vioo, kusomewa vibao saa nzima, kisha kupanda juu saa sita mchana watoto wamechoka na jua limewaka. Geuza. Muwe mlangoni saa 2 asubuhi, pandeni kwenye kuta kwanza, vyumbani mwingie jua likishapanda, maana uwanja wa kati hauna kivuli cha maana.

Juu ya ukuta anza na pembe za ngome, yaani buruji. Simamisha kikundi kimoja San Felipe na kingine San Alberto, zile mbili zinazotazama bara, waambie watazamane. Wataona wenyewe kwamba mzinga wa buruji moja unafagia chini ya ukuta wa nyingine, kwa hiyo adui akijibanza ukutani hana pa kujificha. Huo ndio ufundi wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyechorea Wareno ramani hii. Ujenzi ulianza 1593. Halafu watazame chini: upande wa bara kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Hapo mtoto anaelewa kwa nini Waomani walizingira tangu Machi 1696 na ngome isianguke hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwamaliza walinzi kuliko mizinga.

Kisha shukeni kwenye vitu viwili, visizidi. Cha kwanza ni mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyokuja kuokoa ngome ikazama hapo mbele yake 1697. Wapiga mbizi waliifukua kati ya 1977 na 1980. Cha pili ni kipande cha ukuta chenye michoro ya walinzi wa Kireno, kwa makaa na udongo mwekundu: meli, watu, samaki, hata kinyonga. Mistari mingine inapishana kabisa, kama ukuta wa darasa la wavivu. Wape dakika kumi wainakili kwa penseli. Kinyonga yule hawatamsahau.

Tahadhari: kuta nyingi za juu hazina vizuizi pembezoni. Gawa vikundi vya wanane, kila kimoja na mtu mzima. Walimu watatu hawatoshi, ongeza mmoja. Nje ya lango mtapokewa na waongozaji wengi. Omba kitambulisho, patana bei ya kundi zima kabla ya kuanza, na mwambie mapema mnataka nini, la sivyo atawapitisha kila chumba kwa dakika mbili mbili.

Posta_Mpya
Mji wa Kale kasema vizuri, ila asiifanye Dar ionekane bohari la vibao. Kama somo lenu ni chimbuko la binadamu, hakuna mjadala: fuvu la Zinjanthropus (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu), alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, na lile halisi linatunzwa Dar. Hata mbele ya nakala kuna kazi ya kufanya. Waonyeshe ule mfupa uliosimama utosini kama upanga wa jogoo. Mwambie kila mmoja aweke vidole juu ya sikio kwenye panja na atafune: misuli inayocheza pale, kwa kiumbe yule ilipanda hadi utosini ikashika kwenye mfupa ule. Halafu watazame magego yake. Dakika tano hizo zinafundisha kuliko mhadhara.

Sasa jambo linalowapoteza watu kila siku: Makumbusho ya Taifa yapo mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji, jirani na Bustani ya Mimea. Kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho kipo barabara ya Bagamoyo, na kilipata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho, ambako kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Dereva mgeni ukimwambia "Makumbusho" tu, atawashusha huko. Mkienda Dar nendeni kote kuwili, Taifa asubuhi, Kijijini alasiri, lakini mwandikie dereva jina la mtaa.

Na msiende bila barua ya shule. Viingilio vina madaraja, na bila barua yenye mhuri na orodha ya majina mtabishana dirishani. Malipo ulizieni mapema mpewe namba ya malipo, msibebe bahasha ya noti.

Mlima_Kitonga
Naunga mkono hoja ya vitu vichache. Makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, ni kijumba tu, unakizunguka kwa robo saa. Lakini fuvu la Mkwawa limo: alijiua 1898 asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa, Mkataba wa Versailles ukaagiza kirudishwe, na hakikurudi hadi 1954. Anayetoka pale hahitaji kabati hamsini. Kwenu ni mbali kwa siku mbili, nalitaja kwa mfano tu. Mwalimu, chagua vitu vitatu kabla ya safari, vingine waviangalie wakipenda.

MwalimuWaPwani
Asanteni sana ndugu zangu. Kwa umbali Mombasa inashinda, Dar ni kama mara mbili yake. Linalowatisha wazazi ni mpaka. Na tukitoka alfajiri, tutawahi saa 2?

Horohoro_Leo
Saa 2 hamtaiwahi, msijidanganye. Siku ya kwanza iwe ya safari, mlale Mombasa, Fort Jesus asubuhi ya pili, saa 5 na nusu mmemaliza, mle, mrudi.

Mpaka wenyewe si mgumu, makaratasi ndiyo magumu. Kila mwanafunzi asiye na pasipoti achukuliwe hati ya dharura ya kusafiria Uhamiaji Tanga. Anzeni wiki kadhaa kabla, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kitawakosa wawili watatu na hao ndio watachelewesha wote. Barua za ridhaa za wazazi, moja kwa kila mtoto, si karatasi moja yenye sahihi thelathini. Orodha ya majina nakala nne, majina yafanane na hati herufi kwa herufi. Basi liwe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayovuka mpaka. Mwenye basi akisema "tutakata mpakani", tafuta basi jingine.

Mkifika Likoni watoto hushuka na kuvuka kivukoni kwa miguu, basi linapanda na magari. Mwalimu mmoja atangulie mbele, mmoja abaki nyuma, na mhesabu mkishavuka, kabla ya kupanda basi. Kuna barabara ya Dongo Kundu inayokwepa kivuko, lakini inawatoa upande wa Miritini, mnaingia kisiwani kwa kuzunguka. Inafaa jioni foleni ya Likoni ikiwa imefunga.

Mji_wa_Kale
Nyongeza: viingilio vya makumbusho ya Kenya hulipwa kwa mtandao, si taslimu. Kwa kundi la kutoka nje ni bora uwasiliane na ofisi ya Fort Jesus mapema, uwaeleze ni wanafunzi kutoka Afrika Mashariki, wakuelekeze daraja la kulipa na namna.

Chongoleani
Mwalimu, kabla ya yote wapeleke Tongoni Jumamosi moja, ni kama kilomita 17 tu kusini ya mji. Makaburi ya nguzo na gofu la msikiti yapo pale, na ni kwenye fungu la baharini karibu na hapo Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael mwaka 1499, mabaharia wakiwa hawatoshi tena kuendesha zote. Kwenye baadhi ya nguzo utaona mashimo ya duara: palikuwa na bakuli za kigeni zilizopachikwa. Wapige picha mashimo hayo. Fort Jesus wana kabati za vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa pwani. Wape kazi ya kutafuta bakuli ambalo lingeenea kwenye shimo la Tongoni, wapime kwa rula kwanza.